Rafu Isiyo na Msumari: Kutoka Vidaka vya Pate hadi Fremu za Kiwalani

Duka la pwani ukilisikiliza kwa majina yake, utaisikia bahari. Rafu ni neno la Waarabu. Meza wameiacha Wareno. Duka lenyewe Mwarabu na Mhindi wanaweza kuligombea, kwa kuwa wote wawili wanalo. Dirisha limetoka Uajemi. Kaunta na fremu zimekuja na Waingereza. Waliofika na mali walifika pia na majina ya mahali pa kuiweka. Hata hivyo, vitabu vya historia ya biashara ya pwani huzungumzia zaidi pembe, karafuu, watumwa, majahazi na bei, na ni nadra kusimama mbele ya ubao ambao juu yake mali hiyo iliwekwa ili ionekane. Ubao huo una historia yake, na pahala pamoja pa kuisomea leo ni Kiwalani.

Kiwalani ni kata ya Ilala, kusini mwa Barabara ya Nyerere, ile iliyokuwa ikiitwa Barabara ya Pugu, njia ya kuendea uwanja wa ndege. Ukivuka kidogo tu umo Yombo, nako ni Temeke. Ni mtaa uliojengwa na wakaazi wake wenyewe, nyumba ikifuata nyumba, kabla ya ramani ya mpimaji. Katika mitaa ya namna hii mwenye nyumba akipata fedha kidogo, jambo la mwanzo afanyalo ni kuukata ukuta wa mbele na kuugeuza kuwa milango ya chuma miwili au mitatu inayotazama njia. Kila mlango ni chumba kimoja, na kila chumba huitwa fremu. Kodi ya fremu kwa desturi hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima, tena kabla mpangaji hajauza hata kibiriti kimoja. Muda ukiisha, mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi, au kumtaka mpangaji aondoke kwa sababu mtoto wake mwenyewe amemaliza masomo na anataka kufungua saluni.

Hapo ndipo rafu inapogeuka kuwa jambo zito. Mpangaji akiita fundi seremala, akapiga mbao ukutani kwa misumari, akazijengea kwa saruji, basi siku ya kuhama ataziacha. Na akizing'oa, ukuta utabomoka na ugomvi utaanza. Ubao uliopigiliwa ukutani huwa sehemu ya ukuta, na ukuta una mwenyewe. Kwa hiyo kumeenea aina ya rafu ambayo haiujui msumari kabisa. Nguzo zake ni za chuma, zimetobolewa matundu membamba kwa nafasi sawa kutoka juu hadi chini. Mkono wa rafu una meno mawili au matatu yaliyopinda kuelekea chini. Huinuliwa kidogo, huchomekwa tunduni, kisha hushushwa, na meno yakashika. Bisibisi haihitajiki, wala nyundo, wala spana. Kinachoikaza rafu ni mzigo wenyewe: kadiri mchele, sabuni na mafuta vinavyozidi juu yake, ndivyo meno yanavyozidi kuuma. Mwenye duka la nguo hutumia wavu wa chuma na ndoano, au ubao wa mifereji ambao ndoano yake huchomekwa popote na kuchomolewa papo hapo. Duka zima la namna hii huweza kufunguliwa na watu wawili kwa saa chache, likapakiwa juu ya mkokoteni au bajaji ya mizigo, na jioni ile ile likasimama tena mtaa wa pili.

Vijana wanaouza vifaa hivi huvisifu kuwa ni vya kisasa. Ni kweli kwa upande wa chuma na rangi yake. Lakini akili ya kuunganisha bila kupigilia si ngeni pwani, na mtu wa visiwani hapaswi kuistaajabia. Marfaa ya kuwekea msahafu ni ubao mmoja uliochongwa ukajigawa mikono miwili iliyofumana. Hufunguka ikakaa, hufungika ikabebwa kwapani, na haina hata bawaba ya chuma. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ipo ya namna hiyo hiyo, miguu yake ikipishana. Kitanda cha kamba ni matendegu manne na mifumbati iliyoingia tunduni; kikitakiwa kuhamishwa hufumuliwa kamba, kikachomolewa, kikatolewa mlangoni vipande vipande. Na juu ya vyote hivyo ulikuwepo mtepe, chombo cha bahari ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi na kukazwa kwa vigingi vya mti, tanga lake likiwa la mkeka. Mitepe ya mwisho iliundwa pande za Lamu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wazee waliovuka bahari kwa chombo kisicho na msumari wasingeona ajabu duka lisilo na msumari.

Lakini pwani ilikuwa na njia ya pili ya kuweka vitu vikatazamwa, na njia hiyo ilikuwa kinyume kabisa cha marfaa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulipambwa kwa vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe: safu juu ya safu za vishubaka vidogo vya chokaa iliyochongwa, na ndani yake vikawekwa visahani na mabakuli ya Kichina, vyombo vya shaba, na vitabu. Kidaka hakichomoki. Kilizaliwa pamoja na nyumba, na kilimwambia mgeni kwamba watu hawa wapo hapa, babu zao walikuwepo, na wajukuu wao watakuwepo. Mambo hayo yalifika hata makaburini. Kule Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, yapo makaburi ya nguzo ya karne ya 18 ambayo yaliwekewa sahani za Kichina ndani ya chokaa, ili marehemu naye awe na mali yake mbele ya macho ya wapita njia. Sahani nyingi za makaburi ya pwani zimekwisha kung'olewa na watu, na zilipokuwepo pamebaki duara tupu.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuambiwa nani aliyeona mapema kwamba kidaka nacho si cha milele. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi aliyoitunga mwanzoni mwa karne ya 19, aliitazama Pate iliyokwisha kuanguka, na miongoni mwa alama za anguko hilo alichagua vile vishubaka vya visahani, ambavyo sasa vimekuwa malazi ya makinda ya ndege. Angeweza kutosheka na ngome au na misikiti, lakini hakuiacha rafu ya ndani. Alijua kwamba heshima ya watu husomeka pale wanapoweka vyombo vyao. Hadi leo hapana aliyeandika juu ya rafu tupu kwa uchungu uliozidi wake, ingawa, kama itakavyoonekana, karne ya 20 ilitoa nafasi ya kutosha ya kufanya hivyo.

Duka la mjini, lile la Mji Mkongwe wa Unguja na la Dar es Salaam ya zamani, lilisimama kati ya marfaa na kidaka. Wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga maduka yao katika karne ya 19 waliyawekea milango ya mbao inayokunjika pande pande. Asubuhi mlango mzima ulikunjwa, na upande wa mbele wa nyumba ukawa wazi. Mwenye duka alikaa juu ya sakafu iliyoinuliwa, magunia mbele yake, makopo nyuma yake, na mizani mkononi. Usiku mlango ulifungwa na duka likageuka kuwa ukuta. Rafu zilikuwa mgongoni mwa mwenye duka, si mbele ya mnunuzi. Mnunuzi alitaja, muuzaji akatoa. Hata kanga ilifuata utaratibu huo: zilikunjwa zikapangwa, na chache zikaning'inizwa mlangoni zikiwa wazi ili jina lisomeke kutoka njiani. Mtaa wa Uhuru wa Dar es Salaam, uliokuwa ukiitwa Kichwele, ulijengewa sifa yake kwa kanga hizo, na mwanamke aliyepita pale huenda alisoma maneno mengi zaidi kwa asubuhi moja kuliko yaliyokuwemo katika gazeti la siku hiyo.

Desturi ya kutaja na kutolewa haikuishia kwa Wahindi. Ilipokelewa na Wapemba waliovuka kwenda Bara, wakafungua maduka madogo katika vitongoji vya Dar es Salaam, hata ikawa mtoto akitumwa chumvi huambiwa aende kwa Mpemba, awe mwenye duka ametoka Wete au la. Baadaye jina likahamia kwa Wachaga, na siku hizi duka la mtaani ni la Mangi. Jina la muuzaji limebadilika. Rafu imebaki nyuma ya mgongo wake. Katika mitaa mingi imeongezewa wavu wa nondo kutoka kaunta hadi dari, wenye kidirisha kimoja cha kupitishia fedha na bidhaa. Mnunuzi husimama nje, jua likimchoma, akaonyesha kwa kidole kitu asichoweza kukigusa.

Halafu ikaja miaka ya rafu tupu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilianzisha Shirika la Biashara la Taifa, STC, ambalo baadaye lilivunjwa likazaa makampuni ya biashara ya mikoa, maarufu kwa jina la RTC. Mwaka 1976 ilifuata Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi yalifungwa vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Bidhaa zilipotoweka, na hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka ya umma yalibaki na rafu zake zote zikiwa zimesimama imara, nzito, za mbao nzuri, bila ya kitu juu yake. Sabuni, sukari na kitambaa vilipatikana kwa foleni au kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1983, katika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, kuwa na bidhaa nyingi rafuni kukawa ni ushahidi wa kosa. Watu walizitupa mali zao njiani usiku kwa hofu. Kipindi hiki hakijapata mshairi wake kwa upande wa rafu. Kimesemwa sana kwa upande wa siasa, na pengine ndiyo sababu.

Mwaka huo huo wa 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, iliyowalenga wale walioonekana mjini kuwa hawana kazi, na wachuuzi wa barabarani wakawa wakikamatwa na kurejeshwa vijijini. Mwaka uliofuata mlango wa biashara ulianza kufunguliwa, kwanza nusu, kisha zaidi. Ali Hassan Mwinyi, aliyeanza kulegeza mambo akiwa Rais wa Zanzibar, alishika urais wa Muungano mwaka 1985 na watu wakampa jina la Mzee Rukhsa. Mitumba, vyombo vya plastiki, viatu na redio vikamiminika. Vilihitaji mahali pa kuwekwa, na mahali hapo hapakuwepo.

Ndipo alipozuka machinga, aliyepata jina lake kutokana na watu wa Lindi, kisha likawa la kila mchuuzi. Rafu yake ya kwanza ilikuwa mkono wake mwenyewe: mashati begani, mikanda mkononi, saa kwenye kipande cha boksi. Ya pili ilikuwa turubai chini. Ya tatu ilikuwa meza isiyo meza, yaani vipande viwili vya miti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli na ubao juu yake, au kreti za soda zilizopandana. Vyote hivyo vilibuniwa kwa kipimo kimoja tu: muda unaopita tangu mtu wa kwanza apige mbinja ya kwamba mgambo wanakuja hadi mgambo wenyewe watokeze kwenye kona. Meza isiyofumuka kwa muda huo ilipakiwa kwenye gari ya manispaa. Ikiwa kuna chuo kilichowafundisha watu wa Dar es Salaam kuunganisha na kuunganua bila chombo, basi ni hicho. Serikali nayo ilijaribu njia nyingine. Ilijenga jengo kubwa la Machinga Complex pale Ilala, lililokamilika 2010, lenye vizimba vya kudumu. Wachuuzi wengi walivikwepa vizimba hivyo kwa sababu mnunuzi hapandi ghorofa kutafuta soksi. Mwishoni mwa 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Na Oktoba 2021 vibanda vya kandokando ya barabara za Dar es Salaam viliondolewa, na wenyewe wakapelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Miezi michache kabla ya hapo, Julai 10, 2021, Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa 1975, lilikuwa limeungua.

Ughaibuni, mambo yalikwenda kwa sababu nyingine. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis huko Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly, akamwondoa muuzaji aliyesimama kati ya mnunuzi na rafu. Mnunuzi akaingia mwenyewe, akashika, akasoma, akaweka kikapuni. Kwa hatua hiyo rafu ilipewa kazi mpya: ilibidi iseme, kwa vile muuzaji amenyamazishwa. Na rafu inayosema hubadilishwa kila mara, leo biskuti, kesho daftari. Haiwezi kuwa ya seremala. Uingereza, mwaka 1947, Demetrius Comino, mzaliwa wa Australia mwenye asili ya Ugiriki, alianza kuuza chuma chake cha pembe chenye matundu, Dexion, ambacho mtu aliweza kukikata na kukiunga apendavyo, ingawa bado kilitaka nati na spana. Kutoka tundu la nati hadi tundu la meno palikuwa ni hatua fupi. Wao walitaka duka libadilike upesi ili liuze zaidi. Watu wa Kiwalani wanataka lihame upesi ili lisife.

Maduka makubwa ya aina hiyo yalifika Dar es Salaam, na mengine hayakukaa. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka 2014 na kuyauza matawi yake kwa Nakumatt ya Kenya. Uchumi, ya Kenya pia, ilifunga milango 2015. Nakumatt yenyewe ikafuata muda si mrefu. Yale majina makubwa yalipokuwa yakizimika, maduka madogo ya vitongojini yalikuwa yakichukua kile ambacho wakubwa walikileta, yaani rafu iliyo mbele ya mnunuzi. Fremu mbili zikavunjwa ukuta wa kati, wavu ukaondolewa, rafu za chuma zikasimamishwa katikati pande mbili, na mlangoni ikaandikwa kwa rangi nyekundu kwamba hapa ni supamaketi. Mnunuzi wa Kiwalani akaingia ndani kwa mara ya kwanza katika duka la mtaa wake mwenyewe. Jambo hili halikupata sherehe yoyote, lakini ni badiliko kubwa la adabu. Mtu aliyezoea kuonyesha kwa kidole kupitia nondo ameaminiwa kugusa.

Wapo wanaoisifu rafu ya kuchomeka kama ushahidi wa werevu wa mtu mdogo. Sifa hiyo inastahili, ila isitolewe kwa haraka. Mpangaji hakuipenda rafu inayochomoka kwa sababu ya wepesi wake. Aliipenda kwa sababu hana ukuta. Katika mkataba wa fremu, mara nyingi ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na mjumbe, hakuna mstari unaomlinda aliyetengeneza kitu ukutani. Amejenga wateja kwa miaka, ameujulisha mlango ule kwa mtaa mzima, na vyote hivyo vitabaki kwa mwenye nyumba siku atakapotoka. Anachoweza kuondoka nacho ni kile tu ambacho hakikushikamana. Watu wa Pate walichonga vidaka kwa sababu nyumba ilikuwa yao. Ndege walikuja baada ya vizazi. Mtu wa Kiwalani ndege wake wanakuja kila baada ya miezi sita.

Gharama nayo isisahauliwe. Rafu ya chuma ni ghali kuliko mbao, na mwenye mtaji mdogo huinunua vipande: mwaka huu nguzo mbili na mikono minne, mwakani mingine. Mafundi wa kuchomea vyuma huiga mtindo huo kwa bei nafuu, ila tundu likitobolewa kwa jicho, bila kipimo, rafu ya upande mmoja hukaa juu ya mwenzake kwa nusu kidole, na chupa za mafuta huanza kuteleza polepole kuelekea mlangoni. Maseremala wa Keko, ambao samani zao zimezijaza nyumba za jiji hilo kwa miongo mingi, bado hutengeneza makabati ya duka kwa mbao kwa wale wenye majengo yao. Kabati la namna hiyo huagizwa kwa vipimo vya ukuta mmoja, na likiwekwa halitoki.

Siku ya kuhama, kazi hufanywa mapema kabla jua halijawa kali. Bidhaa hutangulia ndani ya maboksi. Kisha rafu huinuliwa moja moja, meno yakatoka tunduni kwa mlio mdogo wa chuma, mikono ikafungwa kwa kamba, nguzo zikalazwa juu ya mkokoteni. Mwenye nyumba huja na funguo yake, akawasha taa, akaukagua ukuta kwa kiganja kutoka kona hadi kona. Hakuna tundu la msumari hata moja. Juu ya chokaa imebaki mistari hafifu ya vumbi, pale zilipokuwa zimeegemea rafu, na mpangaji mpya kwa kawaida hupaka rangi juu yake kabla ya jioni.